Sauti Iliyopita Mkononi mwa Kalondu

Musau aliandika neno lake vumbini kwa ncha ya bakora, na ndugu yake Ndunda akalikanyaga.

Hakulikanyaga kwa hasira. Alipita tu juu yake kama mtu anayekwenda kutema mate kando ya ua, na viatu vyake vikaacha alama pale palipokuwa na herufi. Kisha akamgeukia mgeni aliyekuja naye, akasema, "Anasema ni sawa. Huyu tumenyonya titi moja, mimi namwelewa."

Kalondu, mkewe Musau, aliyaona hayo akiwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Kusoma hakujua. Utotoni alipelekwa malishoni badala ya shuleni, na kwake herufi zile zilikuwa kama mikwaruzo ya kuku. Lakini uso wa mumewe aliujua kuusoma, na uso ule haukusema ni sawa.

Mgeni aliitwa Levi, mtu wa Machakos mjini, mwenye malori ya kubeba mchanga. Alichotaka ni shamba la chini, lile linalopakana na mto. Mto wenyewe, kama mito mingi ya huko Kalama, ulikuwa na maji wakati wa masika tu. Siku nyingine zote ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, na chini ya mchanga huo ndipo wanawake wa kijiji kizima walipochimba kwa mikono wakapata maji ya kunywa. Levi hakutaka maji. Alitaka mchanga, na njia ya malori yake kuufikia.

"Mzee!" Levi alimwinamia Musau na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Mzee! Pole sana! Utapona!"

Musau alipepesa macho. Hakuwa kiziwi. Madaktari walikuwa wameondoa koo lake la sauti kwa ajili ya uvimbe, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia, ambalo Kalondu alilifunika kwa kitambaa cheupe alichokifua kila siku. Masikio yake yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakimsikia mnunuzi akinong'ona bei nyuma ya zizi. Maana Musau alikuwa dalali wa mbuzi, na sauti ndiyo iliyokuwa jembe lake. Sokoni walisema akikohoa tu, bei inapanda.

Sasa aliipiga ardhi kwa bakora, mara moja, kwa nguvu.

"Unaona?" Ndunda akacheka. "Akifurahi ndio hufanya hivyo. Shemeji, si utupikie chai? Kesho mchana naibu chifu anakuja kushuhudia. Mzee ataweka kidole, hii maneno iishe."

"Kidole cha nini?" Kalondu akauliza.

"Cha kukubali, shemeji. Pesa ya dawa itatoka wapi? Mimi ndio nimekuwa nikilipa gari kumpeleka hospitali. Au umesahau?"

Hakuwa amesahau, na Ndunda alijua kwamba hakuwa amesahau. Kalondu akarudi jikoni akapika chai. Aliitia majani, akaitia maziwa, akawapelekea wageni, na mkono wake ulipofika kwa Levi, Levi akapokea kikombe bila kumtazama. Wakanywa, wakazungumza juu ya malori, wakaaga. Vumbi la pikipiki yao liliposhuka, Musau alikuwa angali amekaa pale pale, akitazama alama za viatu.

Alifungua kinywa, midomo ikacheza. Zamani, siku za kwanza baada ya hospitali, Kalondu alikuwa akijaribu kuifuata ile midomo: maji, baridi, mto wa kulalia. Maneno mafupi aliyapata. Maneno marefu yalitokea shingoni yakiwa pumzi tupu. Aliitazama midomo mpaka ikachoka, kisha akaenda kuwafungia mbuzi.

Nyumba ile ilikuwa imezoea kimya. Naye pia alikuwa amezoea. Aliona ni kama kumcheka, kusema na mtu asiyeweza kujibu, kwa hiyo siku hizi hata yeye alionyesha kwa mkono: kula, lala, twende. Wawili hao waliokuwa wakisimuliana mambo ya soko hadi moto unazimika, walikuwa sasa wanaishi kama watu walio pande mbili za kioo.

*

Nyuma ya zizi palikuwa na rundo la mawe yaliyotolewa shambani walipokuwa wakichimba matuta. Juu ya rundo hilo ndipo mahali pekee simu iliposhika netwaki. Kalondu alipanda, akatoa simu iliyofungwa kwenye ncha ya leso yake. Ilikuwa simu ya kisasa, ya kugusa kioo, aliyonunuliwa na binti yake Mutheu. Na kwa kuwa mama hakujua kusoma, Mutheu alikuwa ametia picha mahali pa majina. Kwa fundi wa matuta palikuwa na jembe. Kwa kanisa palikuwa na msalaba. Kwa Mutheu mwenyewe palikuwa na uso wake, anacheka.

Kalondu akaugusa uso ule.

"Mwaitu! Mama!" Mutheu alikuwa Athi River, kwenye ghala alikofanya kazi ya kupakia bidhaa kwenye masanduku. Nyuma yake mashine zilinguruma.

"Ndunda anauza shamba la chini. Kesho. Anasema baba yako amekubali."

"Amekubali na mdomo gani?"

Hapo ndipo Kalondu alipolia. Hakuwa amelia mbele ya Levi wala mbele ya Ndunda, lakini swali lile la mtoto wake lilimvunja.

"Mwaitu, usilie. Sikiza. Nitabadilishana zamu na mwenzangu, nije asubuhi. Kuna kitu nimekuwa nikikitengeneza. Nilitaka nilete Pasaka, lakini wacha nilete kesho. Usimwambie baba bado, kisije kikakataa kufanya kazi, akaumia roho."

"Ni dawa?"

"Si dawa," Mutheu akasema. "Wewe ngoja tu."

*

Kitu chenyewe kilikuwa kibao cha kioo, kikubwa kidogo kuliko simu, kimepasuka pembeni na kubandikwa gundi. Ofisi ya pale ghalani ilikuwa imekitupa kwa sababu ya ule ufa, na Mutheu akakiomba. Alikiweka mapajani mwa baba yake, naye Musau akakishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua ni wa nani.

"Baba, unaandika hapa na kidole. Herufi moja moja. Si kama kalamu, hii haijali mkono ukitetemeka. Ukimaliza unagusa hapa, inasema."

Kalondu hakuelewa. "Inasema nini?"

"Chochote baba ameandika. Inakisema na sauti."

"Sauti ya nani?"

Mutheu alifikiri. "Si ya mtu, mwaitu. Lakini utasikia kama ya mtu."

Musau alikuwa ameshaanza. Kidole kilipapasa, kikarudi, kikagusa. Walingoja. Akagusa pale alipoonyeshwa. Kibao kikanyamaza kama jiwe.

"Haina intaneti," Mutheu akasema. "Haina laini yake yenyewe. Lazima ipate kwa simu. Mwaitu, leta simu yako."

Alimnunulia mama yake bando papo hapo, kisha akamwonyesha. Unavuta kioo kutoka juu kwenda chini, kama unavuta pazia. Zinatokea alama nyingi. Unatafuta ile iliyo kama jiwe dogo lililotupwa majini, likazungukwa na mawimbi. Unaigusa, inageuka rangi ya bluu. Basi. Hapo simu inamgawia mwenzake.

"Inaitwa hotspot."

"Otisipoti," Kalondu akasema.

"Hiyo hiyo."

Lakini mle uani simu yenyewe haikuwa na cha kugawa. Walijaribu mlangoni, walijaribu karibu na tangi, mwisho Kalondu akatweta hadi kwenye rundo lake la mawe. Pale, akiiinua simu juu ya kichwa chake, alama zilisimama. Kutoka pale hadi kwenye kiti cha Musau hapakuwa mbali. Mtu angeweza kumrushia mwenzake ganda la ndizi.

"Usishushe mkono!" Mutheu akapiga kelele kutoka uani. "Baba, gusa sasa."

Musau akagusa.

"Kalondu," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, safi, laini, ya mtu wa redioni asomaye habari, mtu ambaye hajawahi kuchunga mbuzi wala kuvuta vumbi. Haikufanana hata kidogo na ile sauti nene ya Musau iliyokwaruza kama gunzi. Lakini jina lilikuwa lake, na aliyemwita alikuwa yeye. Nywele zilimsimama Kalondu chini ya kitambaa cha kichwa. Tangu kabla ya mvua za vuli hakuna aliyemwita hivyo ndani ya boma lile. Wengine walimwita Mama Mutheu, au shemeji, au wewe.

Alitazama juu. Hapakuwa na kitu ila anga, na mwewe mmoja.

"Mutheu, hilo jina limepita wapi?"

"Limetoka kwa baba likaja kwa simu yako, simu ikalituma mbali sana, ng'ambo huko, likageuzwa kuwa sauti. Likarudi kwa simu, likaenda kwa baba."

"Saa hii?"

"Saa hii."

"Limepita hapa?" Kalondu aliutazama mkono wake, ule uliojaa sugu za jembe. "Hapa kwa mkono wangu?"

Mutheu akatikisa kichwa kukubali, na yeye mwenyewe, aliyekitengeneza kitu kile, machozi yalikuwa yakimlengalenga. Musau alikuwa ameshainama tena, anaandika. Aliandika kwa muda mrefu. Kalondu akajikaza pale juu ya mawe. Miezi yote hiyo mtu ameyafungia maneno ndani; litatoka neno gani? La kifo? La Mungu? La watoto aliowazika?

"Uji wako iko na sukari mingi," ile sauti ya redioni ikatamka kwa heshima zote. "Sana. Nimeshindwa kukuambia."

Mutheu akaanguka kwa kicheko. Kalondu akacheka hadi mkono ukamshuka, na kibao kikanyamaza, akauinua upesi upesi kwa hofu. Na Musau pale kitini, mabega yalikuwa yanatikisika, bila sauti yoyote, anacheka.

*

Mutheu hakuweza kungoja naibu chifu afike. Zamu aliyobadilishana ilikuwa ya mchana, na asingeonekana angepoteza kazi. Kabla ya kupanda boda alimfanya mama yake arudie lile somo mara nyingi: pazia, jiwe la majini, bluu. "Ikizima unaiwasha mwenyewe. Usiogope, haiumi."

Naibu chifu aliitwa Mumo, mwanamke mnene wa makamo mwenye koti la serikali lililombana. Alifika na wazee wawili wa kijiji, na Ndunda na Levi, na majirani waliosikia na kuja kutazama. Wakaketi kwenye mabenchi kando ya ukuta wa jikoni. Kati ya waliokuja walikuwamo wanawake waliokuwa wakichota maji pale mtoni. Hawakuwa na benchi. Walisimama nyuma, mikono kifuani.

Ndunda alisimama akasema vizuri. Alisema ugonjwa ni mzigo wa ukoo mzima. Alisema amemsindikiza ndugu yake hospitali, amelala naye sakafuni kule wodini, na hilo lilikuwa kweli. Alisema jana ndugu yake alimjulisha kwamba amekubali njia ya malori ipite. "Yeye hawezi kusema, lakini mimi ni mdomo wake."

"Anaweza," Kalondu akasema.

Vichwa viligeuka. Alikuwa juu ya rundo la mawe, leso imefungwa kiunoni, mkono umeinuliwa juu na simu mkononi, kama mtu anayeapa.

"Mama Mutheu, shuka," mzee mmoja akasema. "Hiki ni kikao."

"Nikishuka atanyamaza. Mwacheni aseme."

Watu walitazamana. Musau aliinua kibao, akagusa.

"Chifu, habari ya leo," sauti ikasema. "Wazee, habari. Mimi ni Musau. Mimi sijakubali."

Mwanamke mmoja nyuma akalitaja jina la Ngai, Mungu wao, kwa sauti ya chini. Mwingine akamvuta mtoto wake karibu. Mzee aliyemwambia Kalondu ashuke alivua kofia yake, bila kujua kwamba ameivua.

Ndunda ndiye aliyezinduka kwanza. "Hiyo ni redio! Chifu, hiyo ni mambo ya Mutheu, ameirekodi asubuhi. Hiyo si ndugu yangu. Ndugu yangu si mtu wa Mombasa!"

Watu wengine wakacheka, na Musau akaanza kuandika jibu. Kidole kiligusa. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

Kalondu alitazama simu. Picha ya msalaba ilikuwa imetanda kioo kizima: watu wa kanisa walikuwa wakimpigia, na simu ilitetemeka mkononi mwake kama panzi. Aliikata. Lile pazia alilivuta chini, na jiwe la majini alilipata, lakini halikuwa bluu. Lilikuwa limezima.

"Unaona?" Ndunda akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na huruma, jambo lililomchoma Kalondu kuliko dharau. "Hata mashine imechoka kudanganya. Shemeji, shuka. Watu wanakutazama."

Kweli walikuwa wanamtazama. Mwanamke asiyejua a wala be, amesimama juu ya mawe, anahangaika na kioo. Levi alitazama saa yake. Kalondu aligusa lile jiwe, halikubali. Akagusa tena, kidole kilikuwa kimeloa jasho, kioo hakikumjua. Alitamani kushuka, aingie jikoni, ajishughulishe na sufuria kama siku zote.

Akamtazama mumewe. Musau hakuwa anakitazama kibao. Alikuwa anamtazama yeye, na midomo yake ikatamka neno moja, polepole, neno fupi aliloweza kulifuata.

*Ngoja.* Hakumwambia yeye. Alikuwa ameinua kiganja kuelekea kwa wale watu wote, kuwasimamisha.

Kalondu akafuta kidole kwenye leso, mara mbili, hadi kikakauka. Akagusa. Jiwe likawa bluu, na mawimbi yake yote. Akanyoosha mkono juu kabisa, hadi kwapa likamuuma.

"Ndunda," sauti ikasema, "mimi nimepoteza sauti. Sijapoteza masikio."

Naibu chifu akainuka. Alimwendea Musau taratibu, akasimama mbele yake, kama mtu anayekaribia mnyama ambaye hajui kama anauma. "Mzee, nisamehe. Lazima nijue ni wewe. Nitakuuliza kitu ambacho Mutheu hawezi kuwa amerekodi." Akafikiri. "Mwaka nilipoolewa nilinunua mbuzi kwako. Alikuwa mbuzi gani?"

Musau aliandika. Watu wote walikitazama kidole kile kikitembea. Hata Ndunda alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo.

"Ilikuwa dume nyekundu iko na pembe moja," ilisema ile sauti safi ya msomaji habari. "Ulitaka nipunguze bei sababu ya pembe. Mimi nikakuambia, mama, kwani unataka kuolewa na hiyo mbuzi ama unataka kuila?"

Kicheko kilipasuka kutoka benchi hadi benchi. Naibu chifu alijipiga paja. Wanawake waliokuwa nyuma walishikana mabega. Walikuwa wamemtambua. Ile sauti haikuwa yake hata chembe, lakini mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa Musau wa soko la mbuzi, mzima, hajapungua, na miezi yote hiyo walikuwa wamempita barabarani wakidhani ameshaondoka.

"Ni yeye," Mumo akasema, akifuta macho. "Huyo ni yeye. Sema, mzee. Tunakusikia."

Musau alisema. Ilichukua muda, maana kila neno lilipaswa kuandikwa, lakini sasa hakuna aliyeharakisha. Alisema kwamba mchanga wa mto ule ndio tangi la kijiji, kwamba maji ya masika hujificha ndani yake wakati wa jua kali, na kwamba mtu akibeba mchanga amebeba maji pia, wanawake watabeba ndoo zao hadi mbali kule Kola. Alisema kwamba malori yakishapita, matuta yataporomoka. Alimgeukia Levi akamwambia hana ubaya naye, kila mtu hutafuta, lakini mbuzi huyu hauzwi.

Kalondu aliyasikia hayo yote akiwa juu ya mawe. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Aliushikilia kwa ule mwingine. Neno likitoka kwa mumewe, likaja kwake, likaruka mbinguni kusikojulikana, likarudi kwake, likashuka. Hakuhisi joto wala uzito wowote. Alijiuliza ni maneno mangapi ya watu yanapita angani hivyo kila siku, juu ya vichwa vya watu walioinama wakipalilia, wasijue. Na akajiuliza kama kuna mwingine duniani aliyewahi kusimama katikati ya njia yao kama yeye, asiyejua kusoma hata moja, na yote yakampitia.

"Basi," Mumo akasema. "Mwenye shamba amesema. Mimi siandiki kitu hapa. Bwana Levi, umesikia mwenyewe."

Levi alikung'uta suruali akaondoka bila kuaga. Ndunda alibaki. Watu walipoanza kutawanyika alimsogelea ndugu yake, akachuchumaa mbele ya kiti, kama walivyokuwa wakichuchumaa utotoni.

"Musau," akasema polepole. "Siku zile zote. Yale nilikuwa nasema mbele yako. Ulikuwa unasikia?"

Kidole kikatembea. "Yote."

Ndunda akafunika uso kwa kiganja. Alipouondoa mkono alisema, "Mimi nilidhani ukinyamaza umeniachia. Nilichoka, Musau. Na wewe hukuweza kuniambia hata asante."

Musau alimtazama. Akaandika kwa kituo, akifuta na kurudia.

"Asante kwa kulala sakafu ya hospitali," sauti ikasema. "Na usikanyage tena maneno yangu."

Ndunda akaitikia kwa kichwa. Akaondoka kwa miguu, pikipiki ya Levi ilikuwa imeshakwenda.

*

Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya vilima walipobaki wawili. Kalondu alitaka kushuka, lakini Musau akamwonyesha kwa mkono: bado. Akaandika.

"Mkono inauma?"

"Kidogo."

"Pole. Chukua ule mwingine."

Akabadilisha mkono. Alikuwa na mambo mengi ya kumwuliza, aliyoyakusanya siku hadi siku kama mtu anayeokota kuni: kama usiku anaumwa, kama anaogopa, kama shati la bluu linamkwaruza shingo. Sasa nafasi ilikuwa imefika na hakujua aanze na lipi. Alisimama tu, anaangalia kidole cha mumewe kikitafuta herufi, na hakuchoka kuangalia.

"Kalondu," sauti ikasema. "Mimi nilikatwa sauti na daktari. Wewe ulikatwa na nani?"

Hakuelewa. "Mimi?"

Kidole kikatembea tena. Ilikuwa kazi ndefu, na mbuzi walikuwa wameanza kulia zizini wakitaka kufunguliwa watoto wao wa kunyonya.

"Mimi nilikuwa nangoja jioni uniambie habari. Hata kama siwezi kujibu. Ukaanza kunionyesha na mikono kama mimi ni ng'ombe. Nyumba ikakufa. Mimi nilikuwa nataka kusikia wewe. Hiyo haitaki mashine."

Kalondu alishusha mkono. Hakukusudia, ulishuka wenyewe. Alama zikapotea kwenye kioo, ile rangi ya bluu ikabaki inamgawia mtu kitu kisichokuwepo. Alishuka kwenye mawe, jiwe kwa jiwe, akiangalia miguu yake maana macho hayakuwa yakiona vizuri. Alipofika uani Musau alikuwa amekilaza kibao kifudifudi juu ya benchi, na amevuta kigoda cha jikoni karibu na kiti chake.

Kalondu akaketi. Akakohoa. Sauti yake mwenyewe ilimtoka ya ajabu, yenye kutu, kama mlango wa ghala uliofungwa msimu mzima.

"Wiki ile ulipolazwa," akaanza, "yule mbuzi mweupe alizaa mapacha. Mmoja alitangulia miguu. Nilikuwa peke yangu, sikujua nifanye nini, nikawa naita jina lako. Nikasema, huyu Musau angekuwa hapa angenicheka..."

Musau alikuwa ameinamisha kichwa upande wake, sikio limemwelekea, midomo imetulia kabisa. Kalondu akajisogeza kwenye kigoda, akaendelea.